Kusali ukianza na malalamiko: njia ya kufikia tumaini na shukrani

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akiulizwa habari za asubuhi hujibu kwamba anamshukuru Mungu, hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa sababu ya milio ya risasi. Jibu hilo ni adabu njema mbele ya jirani. Katika sala, hata hivyo, shukrani inayotolewa kabla moyo haujasema unachokiona hubaki mdomoni, na ndiyo maana ninakushauri uanze na malalamiko.

Chagua dakika kumi na tano kabla ya kwenda kuchota maji au kuwasha makala (mkaa), kisha ufungue Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Isome kwa sauti, polepole, mara mbili. Katika mistari miwili ya kwanza mwimbaji anamuuliza Mungu mara nne, «hata lini?», na hakuna anayemkemea kwa kuuliza. Sasa weka maswali yako mahali pa yale yake: hata lini nitapanga nyumba ya wengine, hata lini mtoto atafukuzwa shuleni kwa kukosa minervali, yaani karo ya shule. Baada ya hapo, mstari wa tatu na wa nne ni ombi, na wa tano ndio unaogeuka: «Nami nimezitumainia fadhili zako.» Zaburi haisemi kwamba hali ilibadilika kati ya mstari wa nne na wa tano. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa amejifungia na huzuni yake sasa amekwisha kuitamka mbele za Mungu.

Itatokea siku ambayo hutaweza kuufikia mstari wa tano. Siku hiyo soma Zaburi ya 88, inayomalizika kwa neno la giza bila kugeuka kamwe, kisha ufunge Biblia uende kazini. Binafsi ninaona ni rehema kubwa kwamba sala kama hiyo iliachwa ndani ya Maandiko jinsi ilivyo.

Kuhusu tumaini, lazima tuuseme mstari ambao wengi wetu tunaujua kwa moyo, Yeremia 29:11, wenye mawazo ya amani na si ya mabaya. Usiusome peke yake. Ulikuwa ndani ya barua iliyoandikiwa watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wazi kwamba watakaa huko miaka 70. Mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee amani mji ule ule uliowachukua mateka. Kwa hiyo wewe uliyehamia kwa ndugu zako, ukiotesha mboga za lengalenga nyuma ya nyumba isiyo yako, unalitii neno hilo kuliko anayengojea mwezi wa ushindi uliotangazwa na mhubiri kwenye kipaza sauti.

Shukrani nayo inahitaji kaye, yaani daftari. Kila jioni andika mambo matatu, na uyaandike kwa umbo lake halisi. «Asante kwa uzima» ni kweli, lakini haikumbukwi kesho. «Jirani alinigawia nusu ya bidoni yake ya maji» itakumbukwa. Habakuki 3:17-18 inatufundisha namna ya kuandika siku ambayo hakuna kitu: nabii anataja kimoja kimoja kilichokosekana, mtini, mizabibu, mashamba, zizi, ndipo anasema, «Walakini nitamfurahia BWANA.» Aliyekimbia kutoka mashamba ya Masisi ataandika maharagwe, viazi na ng'ombe, kisha aliandike lile «walakini» iwapo anaweza.

Paulo anaposema katika 1 Wathesalonike 5:18 tushukuru kwa kila jambo, Kigiriki chake kina maana ya «katika kila jambo». Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2002 mto wa moto wa volkano ya Nyiragongo ulipopita katikati ya mji na kuliangamiza kanisa kuu, hakuna aliyedaiwa kuushukuru moto. Mkristo aliweza kushukuru akiwa amesimama juu ya mawe yale ambayo bado yalikuwa na joto.

Mara moja kwa juma, peleka jambo moja la kaye yako kwenye shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wenu, au kwenye kikundi chenu cha maombi, na ukamwambie asante mtu aliyehusika, uso kwa uso. Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi mmoja, naye alikuwa Msamaria.

Mwisho wa mwezi rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Weka alama mbele ya kila «hata lini» iliyopata jibu, na zile ambazo hazijajibiwa uzinakili kwenye ukurasa mpya, kwa mwandiko ule ule, ili uanze nazo tena kesho asubuhi.