Kupima jeni za ukali za Enterococcus faecalis kutoka mfereji wa mzizi wa jino

Enterococcus faecalis ni bakteria anayeweza kupatikana katika jino lililozibwa mzizi kisha likarudi na usaha, na jeni zake za ukali ni zile zinazomsaidia kuleta ugonjwa. Jino kama hilo linahitaji sampuli safi kabla ya kipimo chochote cha jeni. Matokeo mengi ya uongo huzaliwa kitini kwa mgonjwa, kwa sababu tone moja la mate linatosha kuharibu kazi yote.

Ondoa kwanza uozo na vizibo vya zamani, kisha tenga jino kwa pazia la mpira. Safisha jino na mpira kwa hidrojeni peroksaidi 30%, halafu sodiamu hipokloraiti 2.5%, na uizimishe kwa sodiamu thaiosulfeti 5%. Ukiruka hatua hii ya mwisho, hipokloraiti iliyobaki itaua bakteria unaowatafuta. Pangusa uso wa jino kwa pamba tasa na uioteshe peke yake: ikiota kitu, tupa sampuli ya jino hilo.

Toa gutapecha (nyenzo kama mpira iliyozibia mzizi) kwa faili, yaani sindano ndogo ya kukwangulia mfereji, bila klorofomu, kwani nayo inaua bakteria. Tia salaini (maji ya chumvi) tasa kidogo, kwangua kuta hadi milimita 1 kabla ya ncha ya mzizi, kisha ingiza vijiti vitatu vya karatasi tasa kimoja kimoja, kila kimoja dakika 1. Viweke kwenye VMGA III, kimiminika cha kusafirishia sampuli, na uvifikishe maabara siku hiyohiyo.

Otesha kwenye agari ya nyongo, eskulini na azaidi, nyuzi 37, saa 24 hadi 48. Makoloni meusi ni dalili tu, maana enterokoki wengine pia huitia agari weusi. Thibitisha spishi kwa PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane) ya jeni ddl. Ukuta wa bakteria huyu ni mnene, hivyo anza na lisozimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta huo, nyuzi 37 kwa dakika 30 kabla ya kutoa DNA, la sivyo utapata DNA haba na mistari hafifu kwenye jeli.

Jeni za kutafuta ni ace, inayoshika kolajeni (na dentini imejaa kolajeni), esp ya utando wa bakteria (tabaka nata wanaloishi ndani yake), asa1 ya kushikamana, cylA ya sumu inayopasua seli, na gelE ya jelatinezi, kimeng'enya kinachovunja jelatini. Kila mzunguko wa PCR uwe na mirija ya maji matupu na ya aina ya marejeo, yaani bakteria anayejulikana kuwa na jeni hiyo, kwa mfano OG1RF kwa gelE.

Kuwepo kwa gelE hakuthibitishi kwamba jelatinezi inatengenezwa. Jeni hiyo huwashwa na mfumo wa fsr, kundi la jeni zinazoidhibiti, na aina kadhaa za bakteria huyu zimepoteza kipande cha DNA cha kilobesi 23.9 chenye sehemu kubwa ya fsr huku gelE ikibaki salama. Kwa hiyo otesha pia kwenye agari yenye jelatini 3%, kisha ipoze nyuzi 4: duara la ukungu kuzunguka koloni ndilo linaloonyesha kimeng'enya kinafanya kazi. Kwa cylA tumia damu ya farasi au ya binadamu. Ya kondoo haipasuliwi na sumu hii.

Gandisha kila aina ya bakteria uliyoipata mapema kwa nyuzi -80 katika gliseroli 20%. asa1 na cylA zinaweza kubebwa na plasmidi (duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu), kama pAD1 inayozibeba zote mbili, na kuotesha tena na tena kunaweza kuipoteza kabla hujapima.