Injini ikisumbua ugenini, mpigie kwanza fundi wako

Nyie mnaorusha ndege ndogo, injini ikianza kusumbua ukiwa uwanja usioujua usimkabidhi fundi wa pale ndege nzima ukamwambia tu "haivuti", ataanza kufungua kitu kimoja kimoja na siku inaisha. Mpigie fundi wako wa siku zote anayeijua hiyo injini, halafu waunganishe waongee wenyewe.

Ila uwe na cha kumwambia. Mfano unapima magneto (vile vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme) kabla ya kuruka, moja ikibaki peke yake injini inatetemeka, mara nyingi ni plagi imeshika uchafu tu. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, pandisha injini hadi mizunguko karibu 2000 (RPM), iache hivyo dakika moja hivi, pima tena. Ikigoma iache ipoe kabisa, kisha iwashe uiache na magneto hiyo mbovu kama sekunde 30 hivi, zima, toa funguo, pima bomba za eksozi kwa kipimajoto kile cha kuelekeza bila kugusa, bomba lililobaki baridi ndo silinda yenye shida. Hapo fundi ana plagi moja ya kuanzia na sio nane! Na propela usiiguse hata kama umezima, waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika injini inaweza kushtuka ikazunguka.

Piga picha vibati vya injini na magneto vyenye namba, na kurasa za mwisho za logibuku (kitabu cha kumbukumbu za matengenezo) ziwe kwenye simu. Ikiwa bado inatetemeka jamani lala hapo hapo, usiruke nayo.