Redio haioni GPS? Anza na kasi ya poti
Umeunganisha GPS ya boti na redio ya VHF yenye DSC (mfumo wa kutuma wito wa dharura kidijitali), lakini redio bado inalia haijui ilipo? Usikimbilie kununua waya mpya. Fungua menyu ya poti (njia ya kutolea data) kwenye GPS: weka NMEA 0183 (lugha ya data ya vifaa vya boti), kasi 4800 (biti kwa sekunde). Ile 38400 ni ya AIS (mfumo wa vyombo vya majini kutambuana), na poti iliyowahi kufungiwa AIS mara nyingi huachwa hapo hapo. Washa sentensi (mstari wa data) ya RMC, inabeba latitudo, longitudo, saa na mwendo. Waya wa kutuma wa GPS uingie wa kupokea wa redio (rangi zisikudanganye, kila kampuni na zake). Kisha linganisha namba za latitudo na longitudo kwenye vioo vyote viwili. Bila namba hizo, kitufe chekundu cha dharura kitatangaza mna shida, hakitasema wapi.