Mlango wa ghala ukikwama, nyoosha kwanza ghala

Mlango wa ghala la mbao ukianza kukwaruza, mafundi wengi hukimbilia randa. Mvua ikirudi unakwama tena, unachongwa tena, mwishowe panya wanapita bila kupiga hodi. Mara nyingi mlango hauna kosa: ghala lenyewe limelala upande.

Hapa Goma mabanda mengi hukaa juu ya mawe ya volkano, maana kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya nyundo na patasi. Lava nzima haididimii. Kinachoondoka ni changarawe na majivu yaliyojazwa chini ya mawe, hasa kwenye kona inayopokea maji ya bati.

Toa magunia yote kwanza. Kumi ya kilo 100 ni tani nzima, na jeki haipendi mzaha. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, mita 10, ujaze maji, utoe mapovu yote, la sivyo utakudanganya. Weka alama ya usawa wa maji kwenye nguzo nne za kona, kisha pima kutoka alama hadi boriti ya chini. Ukipata sentimita 42, 42, 43 na 45.5, kona ya 45.5 imeshuka sentimita 3.5. Usiteremshe zilizo juu. Inua zilizo chini.

Jeki ya gari ikae juu ya ubao mnene, kwa sababu jiwe lenye matundu hupasuka likibanwa sehemu moja. Panda milimita 5 hivi, sikiliza misumari, nenda kona ya pili, rudi. Kuinua kona moja kwa mara moja kunang'oa mbao za ukuta. Kila hatua ingiza jiwe bapa chini ya boriti. Usiweke mkono pale jeki ikiwa peke yake. Changarawe iliyolegea iondoe mpaka ufike kwenye mwamba, na kati ya jiwe na mbao weka kipande cha bati kuzuia unyevu.

Usawa ukipatikana, pima mishazari (kona hadi kona, kwa kukata katikati) ya ukuta wenye mlango. Ukuta wa mita 4 kwa 3 uliokaa sawa una mita 5 kwenye mishazari yote miwili. Ukipata 5.03 na 4.97, funga kamba kwenye mshazari mrefu, ikaze kwa kijiti hadi ilingane, ndipo upigilie mbao za mshazari. Ukifungua kamba kabla, ukuta unarudi ulikotoka.

Sasa mlango. Acha milimita 3 kando na juu, chini isizidi 5, kwani panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6. Mbao ya mshazari ya mlango ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa kufuli; ikigeuzwa, uzito unabaki kwa misumari na mlango unainama. Mkaratusi mbichi usiutumie kabisa: ukikauka unajipinda. Kisha chimbia maji ya bati mfereji uyapeleke mbali na ile kona.