Umepunguza wali na sukari bado iko juu? Anza na misuli ya miguu

Mtu akiambiwa ana kisukari aina ya 2 cha kwanza anaacha sukari kwenye chai, sawa, ila wachache wanauliza hii sukari iliyojaa kwenye damu inatakiwa iende wapi. Inatakiwa iende kwenye misuli, ndo huko insulini, ile homoni inayotolewa na kongosho, inakopeleka sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, na misuli ikigoma sukari inabaki inazunguka tu.

Ndani ya seli za misuli kuna protini zinaitwa GLUT4, we zichukulie kama makuli wa bandarini, kazi yao kupokea sukari mlangoni na kuiingiza ndani. Muda mwingi wamekaa huko ndani wanasubiri kuitwa, na anayewaita ni insulini. Kwa mwenye usugu wa insulini, yaani mwili hauisikilizi vizuri, makuli wapo, mzigo upo mlangoni, ila wito unakwamia njiani, na kimojawapo kinachoukwamisha ni mafuta yaliyojazana ndani ya msuli wenyewe. Kongosho linajitahidi kutoa insulini zaidi na zaidi, miaka inaenda, vipimo vinaonekana vizuri tu, mpaka linapochoka ndo sukari inapanda.

Sasa kuna jambo natamani kila mgonjwa aambiwe siku ya kwanza kliniki. Msuli unapofanya kazi unawatoa makuli wenyewe bila kungoja insulini, ni njia nyingine kabisa, na hata mwenye usugu kwake bado iko wazi!

Kwa hiyo ukimaliza kula, hasa ugali au wali wa usiku, usijitupe kwenye kochi, tembea dakika 10 mpaka 15, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kama una kimashine cha sukari pima masaa mawili baada ya kula, siku moja umetembea na siku nyingine hujatembea, chakula kilekile, ulinganishe. Ongeza taratibu mpaka ufike dakika 150 kwa wiki na usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi, maana ule wepesi wa misuli kumsikiliza insulini unadumu siku moja au mbili hivi halafu unaisha. Mara mbili au tatu kwa wiki fanya ya nguvu, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia, kwa sababu misuli ya mapaja ni mikubwa na ndo inayokula sukari nyingi. We unayekaa dukani au kwenye usukani siku nzima, kila nusu saa pale inapowezekana inuka kidogo.

Unayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, kama glibenklamidi, pima kabla ya kuanza, sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kula kitu kwanza, ndizi inatosha, na utembee na glukosi mfukoni, ukitokwa jasho jembamba na kutetemeka ujue sukari imeshuka, simama uile hapohapo. Ikiwa juu ya 14 na unatapika au una kiu kali sio siku ya mazoezi, nenda hospitali. Dawa usiache mwenyewe hata namba zikiwa nzuri, daktari ndo atapunguza. Na viatu viwe vya kufunika vidole, na soksi, ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, maana mguu wenye ganzi unaweza kutobolewa na msumari na usisikie chochote.