Bolti ikikatikia ndani: anza na nati, ekstrakta iwe ya mwisho

Gari iliyoishi Tanga ukiipandisha jeki hapa Unga Limited, Arusha, unaijua bila kuuliza. Chumvi imekula chini kote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana thredi zinabanana na kichwa cha bolti kinakukatikia mkononi. Leo tunatoa kisiki, yaani kipande kilichobaki ndani, cha bolti ya M8 (unene milimita 8), ile inayofunga manifoldi ya eksozi kwenye hedi ya injini. Wengi wanakimbilia drili. Msikimbilie drili.

Siku ya kwanza ni ya mafuta tu. Piga brashi ya waya, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, kisha gonga kisiki taratibu kwa nyundo ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mtetemo ndio unaoyapa mafuta njia. Rudia jioni, iache ilale. Najua mwenye gari anapiga simu, mwambie kesho.

Asubuhi, kisiki kikiwa kimetokeza cha kutosha, kibane kwa vaisigripu, yaani koleo la kujifunga. Kikiwa kimelingana na uso wa hedi, ndipo welda aingie. Toa kwanza waya hasi wa betri, futa mafuta yote yasije kushika moto. Weka nati juu ya kisiki, chomelea ndani ya tundu lake mpaka lijae. Usimwagie maji. Subiri wekundu ufifie, kisha gusisha mshumaa pembeni: nta inayeyuka na utaiona inazama kwenye thredi. Sasa shika spana. Legeza kidogo, kaza kidogo, legeza tena. Ikianza kulia, ongeza mafuta, usiongeze nguvu. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Niliwahi kufika ya nne, na hiyo ya nne ndiyo iliyotoka na kisiki.

Ikishindikana kabisa, piga senta panchi katikati hasa (kishimo cha kuongoza biti), anza na biti ya milimita 3, kisha 5. Usivuke 6.5, maana tundu la kukatia thredi ya M8 ni 6.8, ukizidi hapo unaila hedi. Biti ya kuzunguka kushoto ukiipata, mara nyingi inakitoa kisiki yenyewe. Baada ya hapo ndiyo ekstrakta, ile skrubu ngumu ya thredi za kushoto unayoizungusha ndani ya tundu ili ikitoe kisiki.

MASWALI

Shikamoo fundi. Niko Pasua, Moshi. Ekstrakta imenikatikia ndani, nafanyaje?

Marahaba mdogo wangu, pole. Usiitoboe kwa biti ya kawaida: ekstrakta ni ngumu, biti itateleza na kukuchimbia hedi pembeni. Fungua hedi, ipeleke kwa mwenye drili ya mezani na biti ya kabaidi. Lilinikuta hilo kwenye hedi ya mteja, nikailipa mimi. Tangu hapo ekstrakta naigusa mwisho.

Mkuu, hedi ya aluminiamu inapashwa moto wa gesi?

Inapashwa, ila moto uelekeze kwenye aluminiamu inayoizunguka bolti. Yenyewe hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu linaachia. Kuwa macho: aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ya hedi hata chini ya hapo, bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma. Zungusha moto, usiutulize mahali pamoja.

Bolti mpya nifunge kavu, kaka?

Hapana. Pitisha tapu (kifaa cha kukatia thredi) ya M8, hatua ya milimita 1.25, kusafisha thredi, puliza uchafu, paka grisi ya shaba kidogo, anza kwa vidole. Ikigoma kabla ya mizunguko mitatu, itoe, urudishe tapu.