SOMO: Kupiga picha majengo ya zamani Tanga (soma lote kabla hujaja inboksi)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita swali lile lile, "kaka zile picha za Tanga unaingiaje humo ndani", basi naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwanza kwa nini Tanga. Mji huu umejengwa na reli na mkonge. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, ikafika Muheza 1896, Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge toka Florida, iliyofika hai ni 62, na hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote mnayoyaona mkitokea Segera. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000. Halafu kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka, baada ya 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na vile viwanda vilivyowekwa mjini baadaye navyo vikaanza kuzima kimoja kimoja. Yamebaki majengo, na majengo yenyewe kila nikipita naona bati limeng'olewa, mlango haupo, mti umeota ukutani. Ndo maana nasisitiza hili jambo lifanywe vizuri, kuna kuta nilizopiga picha ambazo leo hazipo.

1. Vifaa. Simu, tochi, viatu vya soli ngumu, maji, daftari na kalamu. Basi.

2. Muda. Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, au kuanzia saa 10 jioni. Lakini angalia na mwezi. Mji uko kusini mwa ghuba, kwahiyo majengo ya upande wa bandari yanatazama kaskazini, na jua la mchana kwetu hapa linapita kaskazini kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Juni na Julai masika yameisha, uso wa jengo unapata mwanga wake. Ukienda Desemba jua liko mgongoni mwa jengo, unarudi na picha nyeusi mbingu nyeupe halafu unalaumu simu.

3. Ruhusa. Hapa ndo nataka msome taratibu maana hapa ndo niliharibu.

Mwaka 2017 nilienda kwenye ghala moja la zamani la mkonge. Mlinzi wa asubuhi nikamwamkia vizuri, nikamweleza shida yangu, akasema ingia kijana. Sikuchukua jina lake, sikuwa na karatasi yoyote, niliona ameshakubali yameisha. Pembeni ya mlango kwa ndani, pale ambapo plasta ilikuwa bado imeshika, kulikuwa na hesabu ya marobota imeandikwa kwa penseli, vijiti vinne vinakatwa na cha tano, safu kwa safu kuanzia usawa wa kifua mpaka usawa wa goti, yani unaona kabisa mtu alianza amesimama akamalizia amechuchumaa. Nikapiga picha ile sehemu peke yake zaidi ya arobaini. Saa 8 zamu ikabadilika. Mlinzi wa pili kasikia vishindo ndani, na wiki ile walikuwa wameibiwa vyuma. Nilipokaguliwa mfukoni wakakuta boliti kubwa niliyoiokota chini kwa sababu ilikuwa na maandishi kichwani. Jieleze sasa wewe si mwizi wa chuma chakavu na chuma unacho mfukoni. Nilikaa chini pale mpaka usiku, kadi ya kamera ikafutwa yote mbele ya macho yangu, wakaniachia. Niliporudi baada ya miezi mitano nikiwa na barua yangu safi, ukuta ulikuwa umeshapigwa saruji na kupakwa rangi. Ile hesabu haipo tena, na mimi ndiye niliyekuwa nayo mkononi.

Kwahiyo:
- Anzia serikali ya mtaa. Unaomba barua yenye muhuri inayosema wewe nani, jengo lipi, siku gani. Toa kopi mbili, moja iache getini.
- Barua ya mtaa haifungui kila geti. Kama jengo ni la bandari, reli, hospitali au ofisi ya serikali, unaandika barua kwa hao wenyewe na unasubiri jibu. Cliff Block ya Bombo, ile hospitali ya Wajerumani juu ya bahari, wengi mnaitamani, lakini iko ndani ya eneo la hospitali inayofanya kazi, kuna wagonjwa pale.
- Uliza zamu inabadilika saa ngapi na nani anaingia. Zamu ikibadilika toka nje, salimia upya, onyesha barua upya.
- Usiokote KITU. Hata msumari. Piga picha uache palepale.
- Kambi na chochote chenye askari, usinyanyue hata simu.

Na nyumba yenye watu ni nyumba ya watu hata kama paa limeinama. Piga hodi, subiri, ukikataliwa shukuru uondoke. Nguo kwenye kamba na watoto visiingie kwenye picha zako bila wenyewe kukubali.

4. Ukiwa ndani. Tembea pembeni karibu na ukuta, katikati ya sakafu ya mbao ndo panapobonyea na kuvunjika kirahisi. Ngazi isiyo na mkono usipande. Popo wakiwepo funga pua na mdomo. Usiende peke yako.

5. Kupiga. Rudi nyuma mpaka jengo lote liingie, shika simu wima bila kuinamisha juu la sivyo ukuta unaonekana unaanguka. Uso mzima, pembe nne, paa, halafu ndo usogee karibu kwenye bawaba, boriti, nguzo. Picha ya karibu weka rula au hata funguo pembeni ili mtu ajue ukubwa. Na tafuta maandishi, reli za zamani nyingi zina jina la kiwanda na mwaka ubavuni, umwagie maji kidogo na umulike tochi kutoka upande, herufi zinajitokeza.

6. Daftari. Palepale, sio ukifika nyumbani. Tarehe, mtaa, umesimama wapi unatazama wapi, na aliyekusimulia kasema nini kwa maneno yake. Picha elfu bila daftari baada ya miaka mitatu huzijui mwenyewe.

Kwa anayeanza kabisa, anza na Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, unaingia kihalali na picha za kale zipo ukutani, unalinganisha na mji wa leo. Toka hapo nenda mnara wa saa, rudi Ngamiani kwa miguu au kodi baiskeli, hizi barabara za namba ni rahisi huwezi kupotea.

---

mzee_wa_fasta: mkuu shukrani, ila sasa unaingiaje humo ndani bila kukamatwa

Mwandishi: Hatua ya 3.

mzee_wa_fasta: nimeiona ni ndefu, fupisha

Mwandishi: Usiende.

Juma_pikseli: Nina droni, nataka nipige bandari na stesheni kutokea juu, inafaa saa ngapi?

Mwandishi: Hakuna saa. Droni inataka kibali cha mamlaka ya anga kabla hujairusha, na bandari ndo usifikirie kabisa. Utawaharibia na wengine wanaoenda na barua zao.

binti_chumbageni: Kaka nyumba ya bibi ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe. Tulipiga plasta ya saruji mwaka juzi sasa inamenyuka vipande vipande na unga mweupe unatoka. Kwenye picha zako kuta zilizoachwa hazijamenyuka hivyo, kwa nini?

Mwandishi: Dada umeona kitu wengi hawakioni. Ule ukuta ulijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa inapitisha unyevu, maji yanapanda toka chini yanatokea ukutani yanakauka. Ukiziba kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, unakaa nyuma ya plasta, chumvi inaganda huko na kuisukuma. Huo unga mweupe ndo chumvi. Msipige saruji nyingine juu yake. Bandueni iliyoachia, mtafute fundi anayejua chokaa, na rangi nayo iwe ya chokaa sio ya mafuta. Kabla hamjabandua piga picha, mara nyingi chini yake unakuta rangi za zamani tabaka tabaka, mimi nimewahi kuhesabu nne kwenye ukuta mmoja.

Mdau_wa_Pongwe: Nyie mnapiga picha mnawauzia wazungu, sisi wenye mji tunapata nini

Mwandishi: Sijawahi kuuza hata moja. Kila mwenye nyumba ninampelekea picha zake zimesafishwa, na wawili zimewasaidia kwenye kesi ya mirathi maana zilionyesha nyumba ilikuwaje kabla haijabomolewa ubavu. Kama una jengo sema, nakuja na nakala naacha kwako.

Mdau_wa_Pongwe: sawa. kuna korona ya zamani, kile kiwanda cha kusindika mkonge, upande wetu nitakucheki

salim_wa_nyuki: hujagusia nyuki!! niling'atwa raskazone nikalala siku mbili

Mwandishi: Kweli nimesahau, pole sana. Simama mlangoni usikilize dakika mbili kabla hujaingia, mvumo unausikia. Usijipulizie manukato. Watu wa Tanga hawapaswi kusahau nyuki, Novemba 1914 Waingereza walivyoshuka hapa kupigana na Wajerumani nyuki waliwavamia askari katikati ya mapigano.

wakili_mchanga: Hivi haya majengo si yanalindwa na sheria ya mambo ya kale?

Mwandishi: Sio moja kwa moja. Sheria ya 1964 inalinda yenyewe vilivyojengwa kabla ya 1863, na Wajerumani wamekuja baada ya hapo, kwahiyo jengo lao linahitaji kutangazwa rasmi. Ila milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa, ukiona inang'olewa kwenda kuuzwa toa taarifa.

mjukuu_wa_manamba: Shikamoo. Mie sina jengo, babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge, amefariki, kwenye sanduku kuna kipande chake, ile kadi ya kazi. Kimekunjwa kinataka kukatika. Nakipigaje picha?

Mwandishi: Marahaba. Hicho ni kikubwa kuliko jengo. Usikinyooshe kwa nguvu wala usikipige pasi, kilaze juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila flashi, bila jua la moja kwa moja. Simu juu yake sawasawa. Mbele, nyuma, halafu kila robo kwa karibu. Ukimaliza kiweke kwenye bahasha ya karatasi, sio nailoni. Kinasemaje?

mjukuu_wa_manamba: Kina visanduku 30 vya siku za kazi. Zimejazwa 22, nane ziko wazi.

Mwandishi: Bibi yupo? Muulize leo.

mjukuu_wa_manamba: Nimemuuliza. Anasema ndo mwezi babu alichomwa jicho na mwiba wa mkonge, akarudi nyumbani hakulipwa, maana kadi haikujaa.

Mwandishi: Andika hivyo hivyo alivyosema, na tarehe ya leo.